Madarasa ya ufundi wa zama za kati pale Pennsic: nimeenda mara mbili, haya ndiyo niliyoyakuta

Habari zenu wadau. Naandika kwa ajili ya wale wanaopenda kazi za mikono, kusuka, kushona, kuandika hati nzuri, kupika vyakula vya kale, na hasa nyie mlioko huku Marekani ambao likizo ikifika hamjui muende wapi. Nimeenda Pennsic, ile kambi ya kila mwaka ya wapenzi wa zama za kati kule Pennsylvania, mara mbili, 2023 na 2024, na vita vyao sikufuata (ntaeleza vita gani), nilifuata madarasa, na tangu nirudi kila nikikaa na uzi mkononi najisemea hii kitu inabidi niwaambie wenzangu.

Kwa asiyejua, kuna chama kinaitwa Society for Creative Anachronism, watu wanakiita SCA tu. Kilianza Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, sherehe ya uani tu, watu wamevaa kizamani, wakapigana kwa panga za bandia, ikanoga, wakaendelea na wanaendelea mpaka leo. Wao wanashughulika na maisha ya kabla ya miaka ya 1600: mavazi, chakula, muziki, ufundi, na mapigano ya deraya na panga za henzirani, henzirani ile ile ya viti vya kusukwa, wanaizungushia tepu. Wamejigawa kwa falme. Ohio ninakokaa mimi iko Middle Kingdom, mashariki huko kuna East Kingdom, na tangu 1972 falme hizo mbili zinakutana Pennsylvania kupigana, na hadithi yao ni kwamba atakayeshindwa ndiye anabeba mzigo wa kuchukua Pittsburgh. Hata jina Pennsic wamechanganya Pennsylvania na zile vita vya Roma na Karthago zinazoitwa Punic. Siku hizi wanatoka kila kona, watu elfu kumi na zaidi, karibu wiki mbili, kuanzia mwisho wa Julai kuingia Agosti, kwenye kiwanja cha kambi kinaitwa Cooper's Lake karibu na Slippery Rock, kama saa moja kaskazini ya Pittsburgh. 2020 na 2021 haikufanyika sababu ya korona, kwa hiyo ile ya 2023 niliyoanzia mimi ndio ilikuwa ya 50.

Sasa ndani ya hiyo kambi kuna kitu wanakiita Pennsic University. Usifikirie majengo, ni mahema, mahema mengi yamepangwa, kila moja na namba yake, na kuna ratiba yenye mamia ya madarasa, kuanzia asubuhi mpaka jioni, mengi ya saa moja moja, mengine saa mbili tatu. Kusokota uzi, kufuma, kutengeneza viatu, wino, kupaka dhahabu kwenye karatasi, kutia rangi nguo kwa majani, ngoma za kale, upishi, nyota, nembo, yaani mpaka unachanganyikiwa. Walimu hawalipwi hata senti. Ni watu kama mimi na wewe, mmoja ni nesi, mwingine dereva wa lori, amekaa miaka ishirini anafuatilia kitu kimoja tu, mfano jinsi watu wa London walivyoshona soli ya kiatu mwaka 1380, na anachotaka ni mtu wa kumwambia. Unalipa kiingilio cha kambi, ukijiandikisha mapema bei inashuka, kama sio mwanachama unaongeza kidogo, baada ya hapo darasa ni bure, isipokuwa pale mnapotumia vifaa mnachangia dola chache za ngozi au uzi mtakaoondoka nao.

Ngoja niseme kwa nini hilo la bure limenigusa. Kabla ya Pennsic nilishalipia kozi ya wikiendi ya kampuni moja binafsi, siitaji jina wala mji, ilitangazwa kama "jifunze kiatu cha zama za kati". Nililipa dola 190. Nilipofika nikapewa mfuko wa plastiki, ndani kuna ngozi imeshakatwa, imeshatobolewa, soli ya kubandika na gundi, mwalimu akatuonyesha mishono miwili halafu akakaa pembeni na simu yake, saa tisa akatuambia mengine mtamalizia nyumbani na video. Nimerudi na kiatu kimoja na nusu. Kilichoniuma zaidi ya hela ni kwamba sikuelewa chochote, yaani ukinipa ngozi nzima kesho yake nisingejua nianzie wapi. Nikakaa mwaka mzima sitaki tena kusikia habari za kozi.

Aliyenirudisha ni mwenzangu kazini, tunafanya wote nyumba ya wazee, usiku tukikaa zamu namuona ana mikanda ya kusuka mizuri sana, mistari imepanda na kushuka kama maandishi. Nikamuuliza umenunua wapi, akasema nimesuka mwenyewe, njoo Pennsic nikupeleke kwa mama aliyenifundisha. Basi nikachukua likizo, nikambeba binti yangu wa miaka 11, saa tatu na nusu barabarani toka Columbus, tumefika jua kali, getini wakatuuliza mavazi tunayo?

Hapo kuna sharti moja ujue kabla: lazima ujaribu kuvaa mavazi ya kabla ya miaka ya 1600. Wamesema "kujaribu", hawakukagui na miwani, lakini jinzi na tisheti hapana. Mimi nilikuwa nimepanga nivae kanga. Kumbe kanga yenyewe imeanza miaka ya mwisho ya 1800, na mimi mtoto wa Pangani sikuwa najua hilo, nilidhani imekuwepo tangu enzi za Adam. Wana huduma wanaiita Gold Key, ya kuazima nguo kwa wageni, wakanipa gauni refu la kitani na la binti yangu, hakuna aliyetutazama vibaya, dada mmoja akamfunga binti mkanda kiunoni akamwambia sasa umependeza kama mtoto wa mfanyabiashara. Binti akatembea kifua mbele siku nzima.

Kuhusu nguo nikupe onyo dogo. Kwa safari ya pili niliagiza kitani mtandaoni ili nishone mwenyewe, duka limeandika kitani asilia, kumbe ni poliesta tupu. Nimelijua kwa njia niliyofundishwa pale pale kwenye darasa la vitambaa: chukua uzi mmoja uchome na kiberiti, kitani au pamba inaungua kama karatasi inabaki majivu laini, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi. Na kule usiku mnakaa karibu na moto wa kuni, nguo ya kuyeyuka ikishika cheche inaganda kwenye ngozi. Choma uzi kwanza kabla hujashona, tafadhali.

Haya, darasa la mikanda. Huyo mama ana kama miaka sabini, nywele nyeupe, miwani kwenye kamba, vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi lakini ukimuona anavyogeuza vile vikadi utasema anapiga marimba. Kifaa chenyewe ni rahisi mpaka unashangaa. Vikadi vya mraba, ukubwa wa kiganja, kila kimoja kina matundu manne kwenye pembe, kila tundu linapita uzi mmoja. Sisi tulianza na vikadi 12, kwa hiyo nyuzi 48. Hizo ndio mtande. Upande mmoja unafunga kwenye nguzo ya hema, upande mwingine kwenye mkanda wa kiuno chako, unarudi nyuma kidogo mpaka nyuzi zikaze, mwili wako wenyewe ndio kitanda cha mfumi. Unageuza vikadi vyote kwa pamoja robo mzunguko, mwanya unafunguka kati ya nyuzi, unapitisha mshindio, ule uzi wa kukatisha, unagonga na kisu cha mbao, unageuza tena. Kila ukigeuza, rangi nyingine inapanda juu. Kama hutaki kubeba vitu vingi, hii ndio kazi ya kwako, kwa sababu karakana nzima inaingia kwenye mfuko wa mkate.

Na usidhani ni mchezo wa kubuni wa watu wa leo. Kule Norway walifukua meli ya kaburi la Oseberg, mwaka 1904 na 1905, mazishi ya wanawake wawili ya mwaka 834, ndani wakakuta vikadi 52 bado vina nyuzi zake, kazi haijaisha. Mama alitusimulia hilo huku mkono wake hausimami. Nilisikia mwili unasisimka, yaani kuna mwanamke alikuwa katikati ya mkanda wake.

Kosa langu lilitokea kama kwenye sentimita ya kumi. Mistari yangu ilikuwa inapanda kulia, vizuri kabisa, mara katikati naona mstari mmoja umekatika, umeelekea kwingine. Kumbe kikadi cha saba nilikigeuza uso. Nikataka nichukue mkasi nianze upya, yule mama akaweka kidole juu ya mkono wangu akasema, usikate, rudisha. Akakaa pembeni yangu, tukageuza vikadi nyuma, robo moja, tunatoa mshindio, robo nyingine, tunatoa, polepole mpaka tukafika pale kilipogeuka. Darasa lilikuwa limeshaisha, watu wa kipindi kinachofuata wanaingia hemani, akachukua ile kazi yangu yote akaning'inizia kwenye mti nje tukaendelea kule.

Jamani, bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa anasuka ukili, ule mkanda wa majani makavu (miyaa) wa kushonea mikeka, amekaa kwenye kibaraza, miyaa imelowekwa kwenye beseni, na mimi mtoto nikikosea alikuwa anafanya hivyo hivyo, hakati, anafumua mpaka penye kosa ananipa tena. Hajawahi kuniambia kosa ni nini. Alikuwa anarudisha mkono wangu pale tu. Nilikuwa sijakumbuka hilo miaka mingi, nimekumbushwa chini ya mti Pennsylvania na mwanamke asiyejua hata Pangani iko wapi.

Nikamwambia. Nikamwambia kwetu ni pwani ya Afrika Mashariki, karibu na Tanga, na huko chini zaidi kuna Kilwa. Akaacha kazi akaniangalia. Kilwa? Kilwa ya Ibn Battuta? Kumbe anaijua. Kesho yake nimekwenda darasani kwake la kusokota akanipa karatasi mbili amenakili kwa mkono usiku. Moja ni ya Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa 1331, kabla yake alipita Mogadishu akasema kule wanafuma nguo ambazo hazina mfano na zinapelekwa mpaka Misri. Ya pili ni ya Mreno mmoja, Duarte Barbosa, mwanzoni mwa miaka ya 1500, anasema watu wa Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, walikuwa wanafuma pamba nyeupe nyingi ila rangi hawakuwa nayo, basi wanachukua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, India, wanavifumua uzi kwa uzi, halafu wanaufuma tena ule uzi wa rangi pamoja na mweupe wa kwao.

Nimesoma Kilwa shuleni kama wote. Dhahabu ya Sofala, msikiti mkuu, jumba la Husuni Kubwa, Wareno wameivamia 1505, umeandika kwenye mtihani umemaliza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kulikuwa na watu wamekaa chini na kitambaa cha bei kubwa kutoka ng'ambo wanakifumua ili watengeneze chao. Nimeshika ile karatasi nikawaza ile subira. Mtu ambaye ameshajaribu kufumua hata sweta tu atanielewa.

Darasa la kusokota lilinisumbua kuliko yote, nisiwafiche. Unapewa fundo la sufu iliyochanwa, na kijiti chenye kigurudumu kizito chini. Unafunga uzi wa kuanzia, unakizungusha kama pia, kinaning'inia hewani kinajisokota, wewe juu huku unaachia sufu kidogo kidogo kwa vidole. Ukiachia nyingi uzi unakuwa mnene kama kamba ya mbuzi, ukiachia kidogo unakatika kijiti kinaanguka. Kilianguka mara ngapi sijui. Siri aliyoniambia mama ni kwamba vidole vya mkono wa juu viwe kama mlango, msokoto ubaki chini ya vidole, usiuruhusu upande kwenye sufu kabla hujaivuta, vuta kwanza, ndio ufungue mlango msokoto uingie. Alivyosema "mlango" ndio nikaelewa. Jioni hiyo nimepata kama mita sita, zina vinundu vinundu, na bado ninazo kwenye droo.

Na kigurudumu chenyewe, wanaakiolojia waliochimba Kilwa wamevikuta vingi, vigae vya vyungu vilivyovunjika vimechongwa duara na kutobolewa katikati. Yaani chungu kikipasuka hakitupwi, kinakuwa cha kusokotea. Nilivyorudi nyumbani nikachukua kipande cha chungu cha maua kilichovunjika, nikakisugua kwenye sementi ya nje ya mlango jioni tatu mpaka kikawa mviringo kama biskuti, tundu nikatoboa taratibu na keekee. Kinatikisika kidogo kwa sababu tundu halijakaa katikati kabisa, lakini kinasokota. Pamba ninayosokota nacho sasa hivi ni nyembamba kuliko ile sufu, na naipenda zaidi.

Kwenye viatu nilienda kwa hofu kwa sababu ya yale ya nyuma. Tulikuwa wanane, darasa la masaa matatu, mwalimu kijana tu ana ndevu nyekundu. Hakuna kilichokatwa kabla. Alituambia kanyaga kitambaa, kikunje juu ya mguu wako, chora na mkaa panapokutana, kata, hiyo ndio fremu yako, mguu wa mtu mwingine hautaingia. Kisha ngozi. Unatoboa na msharasi, lakini hutoboi mpaka upande wa pili, sindano inaingia juu ya ngozi ya soli inatokea ubavuni, ndani ya unene wa ngozi yenyewe, ili mshono usisagwe chini unapotembea. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho dola 190 hazikunipa. Na kiatu chote unakishona ndani nje, kikiisha unakiloweka maji kikalegea kama chapati mbichi, halafu unakigeuza, unasukuma kidole gumba kwenye ncha, unavuta kisigino, jasho linakutoka, unadhani kitachanika, mara paa, kiatu hiki hapa, mshono umejificha ndani.

Uzi wa kitani unapakwa nta, na mafundi wa zamani Ulaya walikuwa wanafunga unywele wa nguruwe kwenye ncha badala ya sindano. Nikamwambia mwalimu mimi ni Muislamu, hicho sitakishika. Hakuuliza swali la pili, akafungua kopo akanipa sindano mbili za chuma, akasema nao wa Cairo walishona viatu bila nguruwe, endelea. Nilipenda alivyolichukua kiurahisi.

Nisije nikasahau upishi, kwa sababu wengi mtauliza tutakula nini. Kuna watu wanashikilia sana mapishi ya Waarabu wa zama za kati, kile kitabu cha mapishi cha Baghdad cha mwaka 1226 wanakijua kama nyie mnavyojua pilau. Darasa nililoingia walipika sikbaj, nyama imepikwa kwa siki na tamu ya tende, bilinganya, zafarani mwishoni. Ukionja utasema hii naijua, ni binamu wa vitu tunavyokula Zanzibar, uchachu na utamu kwenye chungu kimoja. Mpishi alinionyesha nyama kaitoa wapi kabla sijauliza. Ila kwa chakula cha siku zote beba cha kwako, jiko la gesi dogo, mchele, maharage, utakuwa huru. Kuswali nilipata nafasi hemani kwangu bila shida yoyote.

Na wino! Nusu saa tu lakini sitaisahau. Vivimbe vya mti wa mwaloni, vile ambavyo mdudu anataga yai mti unavimba, unavisaga, unaloweka, unatia chumvi ya chuma, halafu gundi ya mgunga, ile ile inayotoka Sudan. Ukiandika maneno yanatoka ya kijivu hafifu, unafikiri umeharibu, kaa dakika chache tu hewa ikiuingia yanakuwa meusi mbele ya macho yako. Walikata manyoya ya bata bukini, wameyakausha kwenye mchanga wa moto yakawa magumu kama kucha. Nikauliza kama kuna mwanzi, kwa sababu hati za Kiarabu zinataka mwanzi, mwalimu akautoa kwenye boksi. Neno kalamu lenyewe asili yake ni huo mwanzi. Binti yangu aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa madrasa, kubwa kubwa, wazee wawili wa Kizungu wakasogea wakamuomba awaandikie na wao majina yao, akaandika, ulimi nje kwa kujitahidi.

Sasa mambo ya kujipanga. Ni kambi ya mahema, jua la Agosti ni kali na mvua ikija inakuja ya radi, barabara zinakuwa tope, kwa hiyo hema zuri na viatu vya pili sio anasa. Kutoka ulipolala mpaka kwenye mahema ya madarasa unaweza kutembea nusu saa, na kuna vilima, mwenye magoti mabovu apange mapema. Usiku kuna pombe na ngoma baadhi ya sehemu, ukitaka utulivu chagua eneo la familia. Usijaze ratiba. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakimbia madarasa sita kwa siku, kichwa kikajaa nikatoka na vipande vipande. Mwaka wa pili nimechukua mawili kwa siku, asubuhi moja na alasiri moja, katikati nakaa chini ya mti narudia nilichofundishwa, na mwaka huo ndio nimejifunza. Fika dakika kumi kabla kwa yale ya vifaa maana viti vinaisha. Leta daftari, lakini weka simu mbali, mikono yako yote miwili itahitajika. Na kama ni mgeni kabisa usisubiri Agosti, vikundi vya mitaani vya SCA vinakutana kila wiki miji mingi, nenda ukakae nao, wanafundisha kitu kile kile kwenye kumbi za maktaba na makanisa.

Ratiba asilimia kubwa ni mambo ya Ulaya, hilo mtaliona. Lakini huna haja ya kujifanya Mwingereza. Pale kila mtu anachagua mtu wa kumuishi, wa nchi yoyote na miaka yoyote kabla ya 1600, mradi ufuatilie. Mimi wangu ni mwanamke wa Kilwa wa miaka ya 1330, mke wa mtu wa majahazi, anayefuma. Nimeshona nguo ya pamba nyeupe tupu na shuka ya bluu ya kujitanda, sina pambo ambalo siwezi kulitetea. Mwaka 2024 nilikaa nje ya hema na kile kigae changu nasokota, watu walikuwa wanasimama wanauliza Kilwa ni wapi, nawachorea ramani kwenye vumbi, Kilwa, Mombasa, Malindi, Mogadishu, huku Cambay, upepo wa kaskazi unakuja hivi, wa kusi unarudi hivi. Kijana mmoja alikaa chini saa nzima. Akaniuliza meli zao zilikuwaje, nikamwambia mtepe, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, hakuna msumari hata mmoja, akataka nimuonyeshe huo mshono na mimi siujui. Nimeshamwandikia mjomba Tanga aniulizie kwa wazee.

Yule mama wa vikadi ameniambia mtu yeyote anaweza kuandikisha darasa la kufundisha, hawaulizi cheti, wanauliza unajua nini na umejulia wapi. Nimeandikisha ukili kwa mwaka unaofuata. Saa moja, watu kumi, nianze na mkunjo wa njia nne alioanzia bibi. Miyaa halisi kuipata huku ni kazi, kwa hiyo nafanyia mazoezi majani ya minazi ya mapambo wanayouza maduka ya maua Jumapili ya Matawi, ni membamba lakini yakilowekwa usiku kucha yanakubali.

Mimi naipa nyota tano, na ntaenda tena. Walioko Columbus au hapo njiani kuelekea Pittsburgh wanaotaka kujaribu, gari langu lina nafasi mbili za nyuma, binti anakaa mbele na ramani. Njooni na sufuria yenu.